Kuelekea Miaka 70 ya Madaktari wa Ndege

Mwaka 2027 Flying Doctors wa Afrika Mashariki watatimiza miaka 70. Huduma hii ilizaliwa mwaka 1957, kabla Tanganyika, Uganda na Kenya hazijapata uhuru, na haijaacha kuruka tangu wakati huo. Siku za maadhimisho zikikaribia, picha zitakazotolewa kabatini tunazijua: ndege nyeupe katikati ya vumbi, rubani kwenye usukani, machela ikiingizwa mlangoni. Ni picha za kweli, na nazipenda. Lakini ndege haikuwahi kujua pa kwenda bila mtu wa chini kuiita. Haikuweza kutua mahali ambapo wanakijiji hawakung'oa vichaka na kufukuza mbuzi, wala haikupata mafuta bila watu wa mbali kutoa fedha kwa ajili ya wagonjwa wasiowajua hata kwa majina. Nikiisimulia historia hii, hao siwezi kuwaacha nyuma.

Waanzilishi watatu walikuwa wapasuaji, tena wa fani moja: kurekebisha viungo na ngozi zilizoharibika. Mkubwa wao kwa umri na kwa sifa alikuwa Sir Archibald McIndoe, mzaliwa wa Dunedin, New Zealand. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi katika hospitali ya Queen Victoria, mjini East Grinstead, kusini mwa Uingereza, akiwapokea wanahewa walioungua nyuso na mikono ndege zao ziliposhika moto. Aliona kwamba walioangukia baharini walipona vidonda vyao vizuri kuliko walioanguka nchi kavu, naye akaanza kuwaogesha wagonjwa wake kwa maji ya chumvi. Aliona na jambo jingine. Uso mpya haumsaidii kijana anayeogopa kutoka nje. Basi akawaomba wenyeji wa mji ule wawakaribishe wanahewa hao majumbani na katika baa zao, wazungumze nao bila kuwakodolea macho wala kugeuza nyuso. Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe waliunda chama chao, Guinea Pig Club, kilichodumu miaka mingi baada ya vita.

Michael Wood, Mwingereza, na Tom Rees, Mmarekani, walijifunza upasuaji huo mikononi mwa McIndoe. Wood alikuwa amehamia Kenya mwaka 1947 na kufanya upasuaji Nairobi. Mkewe, Susan, alizaliwa Congo, katika msitu wa Ituri, kwa wazazi wamisionari. Ndiye baadaye aliyeanzisha karakana ya shanga za Kazuri huko Karen, mwaka 1975, ili wanawake wanaolea watoto peke yao wapate kazi. Mazungumzo ya wapasuaji hao watatu yalifanyika shambani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wakitazama nchi ambayo kwa hesabu inayotajwa na taasisi yenyewe ilikuwa na daktari mmoja kwa kila watu 30,000. Na madaktari wachache waliokuwepo walikaa mijini.

Wengine hushangaa kwa nini huduma ya vijijini ianzishwe na mabingwa wa ngozi na makovu. Ukiwajua wagonjwa wa vijijini huoni ajabu. Jikoni mwa mafiga matatu mtoto anayejifunza kutembea huangukia motoni. Mwenye kifafa huangukia motoni pia, na mara nyingi watu huogopa kumgusa. Jeraha la moto likiachwa lipone lenyewe, kovu huvuta: kidevu kikashikana na kifua, mkono ukakunjika usinyooke tena. Kuna watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka, na kuna wafugaji waliojeruhiwa na fisi. Hayo hayamuui mtu upesi. Humtoa katika maisha akiwa hai, na hayatibiki kwa dawa ya kunywa. Yanahitaji mpasuaji aliyefundishwa kazi hiyo hasa, naye mgonjwa hana njia ya kumfikia. Wood akajifunza kurusha ndege.

Wazo la daktari anayeruka lilikuwa na mfano wake. Mwaka 1928 mchungaji John Flynn alianzisha huduma ya aina hiyo Cloncurry, huko Australia, kwa wafugaji waliotawanyika katika nyika zisizo na barabara. Waaustralia waligundua mapema kwamba ndege bila mawasiliano ni kipofu, na mwaka 1929 fundi Alfred Traeger alitengeneza redio iliyopata umeme kwa kukanyaga pedali kama za baiskeli, ili hata nyumba isiyo na jenereta iweze kumwita daktari. Afrika Mashariki ilijifunza somo hilo. Katika miaka ya 1960 chumba cha redio kwenye Uwanja wa Wilson, Nairobi, kikawa moyo wa huduma, na kwa miaka mtandao wake ukakua kupita vituo 100.

Naomba msomaji akae kidogo kwenye redio hiyo. Anayeita ni muuguzi au tabibu wa hospitali ya misheni au zahanati ya serikali, mahali ambapo simu haijafika na gari la wagonjwa limeharibika tangu masika. Sauti inakuja na mikwaruzo. Inaeleza: mama, uchungu siku ya pili, mtoto amelala vibaya. Nairobi inauliza mapigo ya moyo, shinikizo la damu, rangi ya macho, kiasi cha mkojo. Mara nyingi swali zuri lilimaliza kazi bila ndege kuondoka: ongeza maji ya mshipani, badilisha dawa, mgeuze hivi, niite tena baada ya saa mbili. Na kwa kuwa redio ya upepo haina faragha, vituo vingine vyote vilikuwa vinasikiliza. Tabibu wa kituo cha mbali alijifunza namna ya kumhudumia mgonjwa wa mwenzake, akaja kuitumia elimu hiyo siku yake ilipofika. Kabla ya neno semina kuingia wizarani, mawimbi yale yalikuwa darasa, na waliokuwa wakifundishana humo walikuwa watu wenye vyeo vya chini kabisa katika orodha ya mishahara.

Ikionekana lazima ndege iende, zilianza hesabu za namna nyingine. Viwanja vingi vya kaskazini mwa Kenya na vya nyika za Tanzania havina taa. Karibu na ikweta giza halisubiri: saa kumi na mbili na nusu jioni jua limekwenda, na dakika chache baadaye ardhi haionekani. Ombi lililofika saa tisa alasiri kutoka mahali pa saa mbili angani lilimlazimu rubani kuamua papo hapo. Kituo nacho kilipewa kazi: pimeni kama mvua ya jana imelainisha udongo, washeni moto wa majani ili moshi uonyeshe upepo, wekeni watoto mbali na njia. Rubani alipita chini mara ya kwanza ili punda na swala watawanyike, akazunguka, ndipo akatua. Wazee waliosimamia usafi wa viwanja hivyo, wakakata miiba kila baada ya mvua, hawakupokea mshahara wa Flying Doctors. Walifanya hivyo kwa sababu walijua anayeweza kulala kwenye machela kesho ni mtoto wao.

Hewani kwenyewe matibabu yana sheria zake. Ndege ikipanda, shinikizo la hewa hupungua na hewa iliyonaswa mahali popote mwilini hupanuka. Kwa mtu aliyetoka usawa wa bahari, katika kimo cha mita 2,400 hewa hiyo huongezeka kwa karibu theluthi. Mgonjwa aliyevunjika mbavu na hewa ikavuja ndani ya kifua anaweza kufa njiani kwa kitu ambacho chini kilikuwa kidogo, kwa hiyo mrija huwekwa kifuani kabla ya kuruka. Oksijeni hupungua pia, na ubongo uliojeruhiwa hauvumilii upungufu huo. Ndiyo maana daktari na muuguzi wa ndege hutumia muda mrefu kiwanjani, juani, wakimtengeneza mgonjwa, huku ndugu zake wakisononeka na kuuliza kwa nini ndege haiondoki. Nusu saa hiyo ya vumbini inaokoa wengi kuliko mwendo wa ndege.

Kwa nini si helikopta, kama tunazoziona kwingine? Uingereza ilipata helikopta yake ya kwanza ya wagonjwa inayoendeshwa kwa sadaka za umma huko Cornwall mwaka 1987, na London ikafuata mwaka 1989 kwa kumpeleka daktari hadi barabarani palipotokea ajali. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini London yote inavukwa kwa dakika chache, ilhali kutoka Nairobi hadi Mandera ni takribani kilomita 800 kwa mstari ulionyooka. Helikopta ya kawaida ya wagonjwa ingelazimika kutua njiani kuongeza mafuta mahali ambapo mafuta hayapo. Joto na mwinuko hupunguza nguvu ya pangaboi zake, na gharama ya kila saa angani ni kubwa. Cessna Caravan hutua kwenye changarawe fupi na kubeba mzigo mzuri. Pilatus PC-12 nayo hutua kwenye udongo, ina chumba kinachohifadhi shinikizo la hewa, na huenda karibu kilomita 500 kwa saa. Jeti za Citation hubaki kwa safari ndefu zenye lami pande zote mbili. Helikopta ina mahali pake, kwenye mlima, kwenye mafuriko, kwenye ukingo usio na kiwanja. Kwa nyika yetu, ndege yenye mabawa ndiyo iliyostahimili.

Jina linalotajwa zaidi kuliko yote katika historia hii ni la mwanamke, Anne Spoerry. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1918, akasomea udaktari, akafika Kenya baada ya vita. Alijifunza kurusha ndege akiwa ameshapita miaka 40, akajiunga na Flying Doctors mwaka 1964. Kwa zaidi ya miaka 30 alirusha ndege mwenyewe, hasa Piper yake yenye namba 5Y-AZT, ambayo wengi waliijua kama Zulu Tango, kwenda Lamu, Marsabit na pande za Ziwa Turkana. Alitua na makasha ya chanjo, akapanga meza chini ya mti, akang'oa meno, akasikiliza vifua, akapanda ndege kwenda kijiji kinachofuata. Watu walimwita Mama Daktari, wala halikuwa jina la heshima tupu: vizazi viwili katika visiwa vya Lamu vilipata chanjo mkononi mwake. Alifariki mwaka 1999 akiwa na miaka 80, bado akifanya kazi.

Kabla ya Kenya alikuwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Ravensbrück, alikopelekwa kwa kushiriki katika harakati za Wafaransa dhidi ya uvamizi. Wafungwa wenzake walimshutumu baada ya vita kwamba humo, chini ya ushawishi wa mfungwa mwingine aliyesimamia jengo namba 10, aliwatendea ukatili wagonjwa waliokuwa hawana pa kukimbilia. Mwandishi John Heminway aliyaeleza hayo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2018. Taasisi inayoadhimisha miaka yake haina sababu ya kuliogopa jambo hili. Wanawake wa Ravensbrück wana haki ya kutajwa, na watoto wa Lamu waliochanjwa nao wana haki ya kumkumbuka aliyewachanja. Deni la kwanza halilipwi kwa fedha ya pili, wala la pili halifutiki kwa sababu ya la kwanza. Nadhani kulisema wazi kunaipa heshima historia yenyewe.

Kati ya kazi za upasuaji zilizofanywa vijijini, ile ya Turkana inaeleza vizuri jinsi taasisi ilivyobadilika. Huko kulikuwa na ugonjwa kwa kiwango kilichokuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani: uvimbe wenye maji unaokua katika ini na viungo vingine, unaoletwa na mnyoo mdogo wa mbwa. Mbwa alikuwa mlinzi wa boma na mwenzi wa watoto, maji ya kunawa ni haba, na mayai ya mnyoo yakaingia vinywani. Uvimbe hukua taratibu kwa miaka hadi tumbo likafura. Wapasuaji waliruka kwenda kuutoa kwa uangalifu mkubwa, kwa maana ukipasuka ndani ya mwili unaweza kumuua mgonjwa pale pale mezani au kutawanya mbegu za uvimbe mwingine. Wakarudi msimu uliofuata, wakakuta foleni ndefu kama ya kwanza. Katika miaka ya 1980 wakaanza mpango wa kuuzuia: mbwa walipewa dawa au walipunguzwa, wafugaji walielimishwa, mashine za altrasaundi za kubebeka zilipitishwa manyattani kuutambua uvimbe ukiwa mdogo, na vidonge vikatumika pale ambapo kisu hakikuwa lazima.

Hapo ndipo ninapoona ukomavu wa Amref, shirika lililokua kutokana na huduma hii ya ndege. Shirika lililopata jina kwa ndege lilikubali kwamba ndege haitamaliza maradhi yanayotoka kwenye maji, chakula na ujinga wa kutoambiwa. Tangu miaka ya 1970 nguvu kubwa ikahamia kwenye mafunzo: wahudumu wa afya wa jamii, vitabu vya kiada kwa matabibu wa vijijini, masomo kwa njia ya posta. Mwaka 2005 Amref, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture, ilizindua masomo ya kompyuta kwa lengo la kuwapandisha daraja wauguzi 22,000 bila kuwaondoa kwenye vituo vyao. Zikaja na tuzo: Hilton mwaka 1999, Gates mwaka 2005, Binti Mfalme wa Asturias mwaka 2018. Leo shirika lina hata chuo kikuu chake Nairobi.

Wapasuaji hawakuacha kuruka. Mabingwa wameendelea kwenda hospitali za mikoani, na kazi ninayoiheshimu kupita zote ni ya fistula. Mama aliyekaa na uchungu siku nyingi hupata tundu linalovujisha mkojo bila kukoma; mume humrudisha kwao, majirani humkwepa. Daktari Mholanzi Thomas Raassen alitumia miaka mingi akizunguka Afrika Mashariki kuwashona akina mama hao, akiwafundisha madaktari wenyeji wakiwa naye mezani, ili atakapoondoka kazi isiondoke naye.

Fedha, tangu mwanzo, zilitoka kwa watu. Nchini Marekani mtangazaji mashuhuri Arthur Godfrey, aliyekuwa rubani pia, alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuchangisha, na baadaye zikafunguliwa ofisi katika nchi za Ulaya ambako wastaafu na watoto wa shule walitoa walichonacho. Msaada wa namna hiyo ni mzuri, ila huja na msimu wake. Habari za njaa zikitangazwa, hujaa; zikinyamaza, hukauka, na injini haijui msimu. Kwa hiyo huduma ikajipanga upya. Flying Doctors sasa ni kampuni inayomilikiwa na Amref Health Africa. Inawahudumia wenye bima, mashirika ya kimataifa, makampuni ya utalii na wanachama wanaolipa ada ya mwaka katika mpango wa Maisha, na ziada inarudi kwenye kazi za hisani. Mtalii akipinduka na gari Maasai Mara, bima yake inachangia mambo ambayo hatayaona kamwe. Naliona jambo hilo kuwa la haki. Lakini mgonjwa asiye na bima wala uanachama bado hutegemea fungu la hisani, na fungu lina kikomo. Kila mchango unaotolewa unakisogeza mbele kikomo hicho.

Wajibu wa siku za msiba mkubwa umekuwa wao pia. Tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa na watu 148 wakauawa, ndege za Flying Doctors ziliwachukua majeruhi waliokuwa katika hali mbaya na kuwaleta Nairobi. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona, wauguzi wao walisafiri na wagonjwa waliolazwa ndani ya mahema madogo ya plastiki yanayozuia hewa yenye maambukizi, wakiwa wamevaa mavazi ya kujikinga ambayo katika joto la chumba cha ndege ni adhabu.

Mambo chini yamebadilika. Lami inafika Moyale, na mgonjwa wa Marsabit ambaye zamani angesubiri ndege leo anaweza kufika Isiolo kwa gari. Simu ya mkononi imechukua kazi ya redio, na picha ya eksirei inafika Wilson kabla ya mgonjwa. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za Kenya ziko chini ya kaunti, hivyo uamuzi wa kumwita rubani, na swali la nani atalipa, viko karibu zaidi na mwananchi kuliko zamani. Kaunti za mbali zingefanya vema kulinda viwanja vyao vya udongo, maana katika baadhi ya miji nyumba zinasogelea njia ya kurukia kila mwaka, na kiwanja kikishamezwa hakirudi.

Na kabla ya mwaka 2027 kuna kazi moja ambayo haihitaji fedha nyingi. Majina ya waanzilishi yako vitabuni. Ya marubani yako kwenye kumbukumbu za safari. Ya wale waliokaa kwenye redio za misheni na zahanati, wakaita Nairobi kila asubuhi kwa miaka 20 au 30, hayajakusanywa mahali pamoja, wala ya wazee waliokata miiba viwanjani. Baadhi yao wako hai, Wajir, Lamu, Lodwar na kwingineko, na wanakumbuka masafa waliyotumia, wagonjwa waliowapoteza na waliowaokoa. Vyuo vya uuguzi vya kaunti hizo vina wanafunzi wanaojua lugha za wazee hao. Watumwe na kinasa sauti mwaka huu.